Tupeane uzoefu: kazi ya kampuni ya teknolojia ya nje ukiwa nyumbani, nini huifanya iende vizuri?

Mleta mada
Wakuu, habari za muda. Kazi hizi ni nzuri, tena nzuri sana. Unakaa Mbeya au Kisumu, timu yako iko Berlin, na zile saa za foleni barabarani zinabaki kuwa zako. GitLab, kampuni ya programu za kompyuta, imefika hadi soko la hisa la Nasdaq mwaka 2021 ikiendeshwa bila ofisi, na mwongozo wake wa kazi uko wazi mtandaoni, usomeni. Tuwekeane mambo ya kushikika.

Mdau wa 1
Uliza saa za kazi kabla ya mshahara. Sisi hatusogezi saa, wenzetu wa Ulaya na Marekani husogeza mbele saa moja kila kiangazi. Saa tatu asubuhi ya New York kwetu ni saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Ya San Francisco ni saa moja usiku, au saa mbili. Berlin tumeipita kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo mwenye watoto wadogo aanze kutafuta Ulaya.

Vikao hukosewa zaidi mwezi Machi. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho, na kwa hizo wiki mbili tatu katikati ratiba yote huyumba. Kalenda ishike saa za mji wa aliyeitisha kikao, usihesabu kichwani.

Mdau wa 2
Umeme, kwa siku unapokatika. Kompyuta mpakato hula wati 50 hivi, ruta 10, taa 10: jumla 70. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Hesabu 600, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) inakula asilimia 15, zinabaki 510. Hiyo ni kazi ya saa 7. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo unaweza kuitumia hadi asilimia 80, ukapata saa 11 na zaidi.

Wengi hukwama kwenye kuchaji. Chaja ya ampea 10 huchukua kama saa 6 kurudisha hiyo nusu ya asidi. Umeme ukirudi kwa saa 3 tu kisha ukakatika tena, kesho unaanza siku na betri pungufu, na lawama zinaiangukia betri bure. Kwenye boksi la inveta tafuta maneno "pure sine wave", yaani inatoa umeme laini kama wa gridi. Zile za bei rahisi huchemsha chaja ya kompyuta.

Mdau wa 3
Mtandao: pima kasi ya kupandisha (upload), si ya kushusha peke yake. Picha ikiganda kwa wenzako huku wewe unawaona vizuri, tatizo liko hapo. Unga kompyuta kwa waya kwenye ruta kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, maana mara nyingi kosa ni ukuta unaozuia Wi-Fi, si kampuni ya mtandao.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora. Laini mbili za simu hazikuokoi kama zote zinapita waya mmoja. Siku kama hiyo zima video, baki na sauti, na watumie wenzako maandishi mapema.

Mdau wa 4
Hapo kwenye maandishi ndipo kazi yenyewe ilipo, nashangaa tumechelewa kufika. Bosi hakuoni ukihangaika, anasoma ulichoandika. Kabla ya kufunga siku acha ujumbe wenye vitu vinne: kilichokamilika na kiungo chake, kilichokwama, ulichokwisha kujaribu, na swali moja linalojibika. "Haifanyi kazi, nisaidie" hugharimu siku nzima, kwa sababu anayeisoma anaamka wewe unalala. Bandika maneno ya kosa kama yalivyo, si picha ya skrini, ili aweze kuyatafuta.

Mdau wa 5
Malipo kwa kifupi. Kama wewe ni mkandarasi wa kampuni ya Marekani utajaza fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kuwa wewe si mlipakodi mkazi wa Marekani. Ikiisha muda, jaza nyingine. Kwa uhamisho wa SWIFT, yaani wa benki hadi benki kimataifa, mkataba useme OUR, yaani mtumaji abebe makato yote. Ukiwa SHA, yaani makato mnagawana, benki za katikati zinakata kwenye hela yako. Ritani ya kodi, Tanzania na Kenya, mwisho ni 30 Juni.

Mleta mada
Asanteni sana. Mdau wa 2, ruta naweza kuiunga kwenye betri moja kwa moja?

Mdau wa 2
Soma kwanza lebo ya adapta yake, mkuu. Nyingine ni volti 9 au 5. Hata ile ya 12 usiiunge hivihivi, maana betri ya asidi ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14.4. Weka kidhibiti volti katikati, na fyuzi karibu na nguzo chanya.