Eti "hapa hapakuwa na kitu"!!! Yule bwana wa magorofa KAIPIGA TEKE SAKAFU YETU

Wakuu leo salamu mtanisamehe. Naandika nafuta naandika nafuta, mkono unatetemeka. Yule bwana wa magorofa, simtaji mnamjua wote, yule wa viatu bila soksi na kile kimaiki cha kubana kwenye kola, leo jioni kaingia mtaani kwetu Sinza na genge lake la kamera kutangaza yale maapatimenti mapya, akasema mbele ya watu wazima na akili zao, "hapa kabla hatujaja hapakuwa na kitu." HAPAKUWA NA KITU. Halafu kuna kipande cha ile sakafu nyekundu ya baa yetu ya zamani waliyoivunja kimebaki pembeni ya paking, katapila halikukimaliza, akakipiga teke. Teke wakuu! Kona ikamomonyoka, akaisukumia mtaroni kama ganda la muwa, akageukia kamera akacheka akasema "huu uchafu kesho unaondoka."

Baa yenyewe sina haja ya kuitaja, kama hujawahi kukaa pale basi Sinza ulikuwa unapita tu. Pale ndo nusu ya ndoa za mtaa huu zilipikwa. Kamati ya harusi Jumapili saa kumi, mwenyekiti kashika daftari, mweka hazina kashika bahasha, mjomba anaahidi kreti tano analeta maelezo. Wametolewa mahari pale, wamesuluhishwa watu pale, msiba ukitokea michango inaanzia pale kabla hata ndugu wa mkoani hawajapigiwa simu. Ukienda msalani ukirudi umeshachaguliwa kamati. Huyo bwana mwenyewe kwa umri wake sitashangaa kama mchango wa harusi ya wazazi wake ulihesabiwa juu ya hiyo hiyo sakafu aliyoipiga teke, kwa hiyo kapiga teke ndoa ya wazazi wake na kila kitu mpaka pilau.

Na sio baa tu. Kulikuwa na kichochoro cha kutokea kwa fundi cherehani mpaka barabarani, dakika mbili umefika kituoni. Leo ukuta, juu ya ukuta nyaya za umeme, getini mlinzi anakuuliza "unaenda kwa nani?" Mimi?! Naenda kwa nani?! Kile kichochoro nimejifunzia baiskeli, nimekimbizwa na mbwa, nimebeba jeneza la jirani maana gari lilikuwa haliingii. Sasa watoto wanazunguka barabara kubwa kwenye bodaboda kwenda shule ambayo wanaiona kutoka dirishani.

Narudi kwenye teke maana ndo linaninyima usingizi. Angenunua akajenga akanyamaza ningenyamaza, mji unajengwa, sawa. Lakini umeshachukua kiwanja, umeshakata mwembe waliokuwa wanachezea drafti wazee, sakafu imebaki kipande sawa na mkeka wa mtu mmoja, HICHO NACHO UNAKIPIGA TEKE?

Na bado kasimama hatua chache kutoka kituoni anasema hapakuwa na kitu. Kituo kinaitwaje? KWA REMMY. Remmy ni mti? Remmy Ongala mwanamuziki bwana, katoka Kongo 1978 kaja kupiga na bendi ya Makassy, kisha Super Matimila, kaishi hapa hapa, kafariki Desemba 2010, na mpaka kesho konda anagonga bodi "Kwa Remmy wapo?" Sasa pasipokuwa na kitu Remmy alikuwa anakaa wapi, hewani?

Kaipiga teke wakuu. Na kiatu cha kupointi.

povu_la_jumamosi
Mkuu kunywa maji kwanza. Kwa hiyo aliyeumia ni sakafu?

Shangazi wa Mugabe
Msimcheke, mm nilikuwepo nanunua nyanya. Ni kweli kaipiga teke na tena mara mbili, ya kwanza kamera haikushika wakarudia. WAKARUDIA kupiga teke. Pale nimetolewa send-off na kitenge changu cha mama mkwe kimemwagikiwa soda pale, leo naambiwa hapakuwa na kitu.

mwenye uzi
Shangazi umenimaliza. Kumbe mara mbili! Mimi niliona moja tu nikapata hali hii, ningeiona ya pili mngenikuta hospitali ya Mwananyamala kitandani.

choo_kiko_nyuma
Ile baa naikumbuka vizuri, moja moto moja baridi na mishkaki safi, ila kwenye choo yule bwana yuko sahihi, hapakuwa na kitu.

mwenye uzi
Choo kilikuwepo nyuma ya stoo, wewe ulikuwa mvivu wa kutembea ndo maana mwembe ulikauka upande mmoja.

Kiwanja Na Hati
Sasa tuseme ukweli hapa. Huyo bwana hakuja na jeshi, kauziwa. Baba mwenye baa kafariki, watoto saba kwa mama watatu, mirathi mahakamani, mmoja anataka kupangisha mwingine anataka chake leo leo, mwisho wanakubaliana kitu kimoja tu, kuuza. Sinza yote inaondoka hivyo, kiwanja kwa kiwanja. Msilie na mnunuzi, lieni na walioshika kalamu.

mwenye uzi
Mkuu kuuza wameuza nani kakataa. Kwenye mkataba wa mauziano kuna kipengele cha teke? Kuna mahali wameandika mnunuzi ataruhusiwa kuja na kamera kututukana? Kanunua ardhi, hajanunua yaliyotokea juu yake.

mzee_wa_block_C
Vijana mnazungumza kama Sinza imeumbwa na baa. Sisi tumepewa viwanja hapa miaka ya 1970, ule mradi wa Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vidogo, unapimiwa, unawekewa barabara na maji, nyumba unajenga mwenyewe tofali kwa tofali kwa mshahara wa kiwandani. Zile njia za miguu mnazosema vichochoro zilikuwa kwenye ramani, hazikutokea zenyewe, na viwanja vya wazi vya watoto vilikuwepo kwenye ramani pia. Kwa hiyo anayeziba njia haibi tu kumbukumbu zenu, anaziba njia ya umma. Serikali ya mtaa ipo, nendeni na ramani. Ila na nyie mkumbuke kabla yetu palikuwa mashamba ya watu, na wao waliambiwa hivyo hivyo.

mwenye uzi
Shikamoo mzee. Kuhusu ramani nimekuelewa na nitakutafuta. Ila mzee, wewe uliwapiga mateke wenye mashamba?

mzee_wa_block_C
Marahaba. Sikuwapiga.

X_nyekundu
Sinza mnalia kipande cha sakafu, sisi wa Kimara tuseme nini? 2017 mtu anaamka ukutani kuna X nyekundu ya kubomolewa. Mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, huku na huku, Kimara mpaka Kiluvya. Nyumba, maduka, misikiti, makanisa, baa, gereji, vyote chini ili barabara iwe njia nane. Nyie mna kituo kina jina la Remmy, mimi mtaa wangu uko chini ya lami, nikitaka kwenda kuangalia nilipozaliwa nitagongwa na lori la Tunduma.

Mtoto wa Kota
Pole Kimara ila msiongelee maumivu kama hamjakaa Magomeni Kota. Kaya 644. Tuliambiwa pisheni mtajengewa, tukapisha, wakavunja, pakakaa uwanja mtupu majani yanaota, wazee wanafia Mbagala na Chanika kwenye vyumba vya kupanga wanauliza "Kota wameanza kujenga?" Mpaka Machi 2022 ndo Rais Samia kazindua. Maghorofa mazuri sikatai, ila ule ua wa kupikia ubwabwa wa maulidi uko wapi? Ghorofa ya saba unaweka sufuria la watu mia wapi, kwenye lifti?

X_nyekundu
Angalau nyie mlijengewa.

Mtoto wa Kota
Angalau?? Wewe unajua kusubiri ww?

povu_la_jumamosi
Jamani pigeni kura nani kavunjiwa zaidi tufunge uzi.

fremu_na_kilemba
Hakuna aliyevunjiwa kuliko Kariakoo na wala hakuna aliyetulilia. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na mnazi wake, zilikuwa mitaa yote, Narung'ombe, Sikukuu, Mchikichi, Congo. Leo fremu za maduka juu ya fremu mpaka mawinguni, na kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu moja, unajengea nyumba Chanika. Jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwa wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps, watu walioteswa kubeba mizigo ya Waingereza, leo uliza kijana anayeuza jinzi pale atakwambia ni jina la Kichina. Na lile ghorofa la Novemba 2024 lililoanguka na watu ndani mmeshasahau, mnalilia sakafu.

Shangazi wa Mugabe
Hatujasahau. Mungu awalaze pema. Ila usitugombanishe, mtu anaruhusiwa kulia vyote viwili.

Sikinde_damu
Mimi niulize swali la maana. Juu ya hiyo sakafu bendi gani ilipiga muziki? Maana kama ni Sikinde basi ile ni makumbusho na huyo bwana anastahili kesi.

msondo_wa_babu
Sikinde ipi? Pale Msondo ndo walipasua. Msondo ndo baba, NUTA 1964, ikaja JUWATA, ikaja OTTU, majina yanabadilika muziki uko pale pale. Sikinde imezaliwa 1978 kwenye baa ya Mlimani Park, mtoto mdogo yule.

Sikinde_damu
Mtoto mdogo aliyemshinda baba. Kila Jumapili DDC Kariakoo pamejaa mpaka watu wanachezea nje barabarani, Msondo mlikuwa mnakuja kujifunza.

msondo_wa_babu
Ndo maana 1985 bendi ya Safari Sound waliwabebea waimbaji wenu Gurumo na Bitchuka mchana kweupe? Mlibaki na vyombo na majonzi.

X_nyekundu
Na Safari Sound walikuwa wapi? KIMARA. Safari Resort. Mnaona sasa, muziki wote mzuri ulikuwa kwetu mkaujengea barabara ya njia nane.

mwenye uzi
Jamani wakuu tafadhali. Bendi kubwa hazikuja, tulikuwa na vijana wetu wa mtaani na magita mawili Ijumaa. Tusitoke kwenye hoja, huyu bwana kapiga teke mara mbili.

Sikinde_damu
Kama ni vijana wa mtaani basi mkuu hilo teke limezungumzwa vya kutosha.

msondo_wa_babu
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Sikinde.

foleni_ya_bamaga
Mnaosema majina ya vituo ni historia nawaunga mkono. Ubalozi wa Marekani upo pale ilipokuwa sinema ya Drive-in, watu wanaangalia filamu ndani ya magari, sinema imeondoka zamani sana lakini daladala mpaka leo ni "Drive-in". Hapo hapo nisaidieni, kuna mtu anajua kwa nini daladala za Mwenge saa moja asubuhi zinakatisha ruti? Umelipa nauli nzima unashushwa katikati ya barabara.

choo_kiko_nyuma
Hilo ndo la kufungulia uzi! Jana nimeshushwa Afrika Sana na mvua, konda anasema gari bovu, nageuka limegeuza na abiria wapya.

Shangazi wa Mugabe
Na wanafunzi hawawachukui kabisa, mtoto anasimama kituoni tangu saa kumi na mbili.

Mtoto wa Kota
Hamieni Magomeni mpande mwendokasi.

X_nyekundu
Mwendokasi gani, ule tunaopanda kwa dirishani Kimara? Na mvua ikinyesha Jangwani inajaa maji mnarudi wote kwa miguu.

mwenye uzi
Hivi kuna mtu kairekodi ile laivu? Nataka ile dakika ya teke.

kapuku_mpole
Habari wakuu, samahani nje ya mada kidogo. Natafuta chumba na sebule Sinza au Kijitonyama, choo ndani, Luku ya kujitegemea, bajeti laki na nusu. Madalali msije.

Kiwanja Na Hati
Laki na nusu Sinza choo ndani? Mkuu kwa hela hiyo tafuta Mbezi, tena ile ya ndani.

kapuku_mpole
Miezi mitatu nalipa lakini. Mwenye nyumba wa mwisho alitaka miezi sita na dalali akataka mwezi mzima kwa kunifungulia geti tu.

foleni_ya_bamaga
Mwezi mzima?! Mimi dalali alinionyesha chumba ambacho mtu alikuwa ndani anakula, na hela ya kuonyeshwa akachukua. Huyo wa kwako anapatikana maeneo gani?