Naomba ushauri: mtoto wa malezi ya kambo anaficha chakula
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tuko Morogoro, mimi na mume wangu tunalea binti wa miaka 6 tuliyekabidhiwa na ustawi wa jamii kwa malezi ya kambo. Hatujamwasili. Mama yake mzazi yupo, akitengemaa mtoto atarudi kwake.

Anakula anashiba, lakini nikitandika kitanda nakuta vipande vya chapati chini ya mto, vimekauka. Nimemwekea ndizi na karanga pale pale chumbani, bado anaficha. Kumgombeza siwezi, namhurumia mno. Afisa ustawi ameniambia nivumilie tu.

Mliowahi kulea watoto wa hivi, mlifanyaje? Halafu ameanza kuniita mama: nimwache, au nimzoeshe kuniita mama mkubwa?