Biashara ya kimataifa vyuoni: tunamtayarisha kijana kwa dunia ipi?

Mleta mada, wakala wa forodha, Dar es Salaam

Wadau, habari za kazi. Naleta hoja hii nikiwa na uchungu nayo. Nina miaka kumi na minane katika kazi ya kutoa mizigo bandarini na kuivusha Tunduma, na kila mwaka napokea wahitimu wa biashara ya kimataifa. Ni vijana wenye akili na hamu ya kazi. Ila walichofundishwa na kilichopo mezani kwangu havikutani.

Mwaka juzi nilimwajiri binti mwenye GPA ya 4.5. Nikamkabidhi faili la mteja aliyeuza ufuta nje kwa LC, yaani ile ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba italipa nyaraka zikikamilika. Meli ikaondoka, cheti cha uasilia, kinachothibitisha ufuta umetoka nchi gani, kikachelewa, naye akakisubiri kwa utulivu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba, LC isiposema vinginevyo, nyaraka zinatakiwa zifike benki ndani ya siku 21 tangu mzigo usafirishwe. Hiyo ni kanuni ya UCP 600, yaani kanuni za kimataifa ambazo benki zinafuata kwenye LC, inayotumika tangu 2007. Sisi tulifika siku ya 26. Benki ikakataa nyaraka, mnunuzi akaona upenyo akadai punguzo, na mteja wangu akakubali kwa sababu ufuta ulikuwa tayari baharini. Binti yule alilia ofisini. Kosa lilikuwa langu pia, maana nilimwachia faili peke yake. Nilipomuuliza alisoma nini kuhusu biashara ya nje, alinieleza vizuri kabisa nadharia ya mchumi Ricardo ya mwaka 1817, kwamba kila nchi ijikite kwenye kile ambacho kwake kina nafuu zaidi na kingine ikinunue: Ureno na mvinyo wake, Uingereza na vitambaa vyake. Nadharia hiyo naiheshimu. Lakini miaka mitatu chuoni hakuwahi kushika BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, mkononi!

Hoja yangu ni hii. Kwa kijana wetu, "kimataifa" kunaanzia Nakonde ng'ambo ya Tunduma, Lubumbashi kule Kongo na Guangzhou kule China. Shahada iwe na lugha moja ya lazima, Kifaransa au Kichina, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Fildi iwe muhula mzima. Masharti yote 11 ya Incoterms 2020, yanayosema nani kati ya muuzaji na mnunuzi anabeba gharama na hatari ya mzigo, ayajue kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Na fedha ambazo vyuo vinataka kuzitumia kutafuta ithibati za Ulaya na Marekani zielekezwe huko kwanza. Mnasemaje?

Mhasibu, Dubai

Shikamoo kaka. Kwa heshima zote, napinga. Nilisoma shahada Dar, nikafanya ACCA, ile mitihani ya kimataifa ya uhasibu, na huu ni mwaka wangu wa sita huku. Kwenye usaili waliniuliza chuo changu kiko wapi na kinatambuliwa na nani. ACCA yangu waliikubali bila kuuliza neno. Chuo kikipata ithibati kama ya AACSB, shirika la Marekani linalothibitisha ubora wa vyuo vya biashara, mtoto wa Mbeya ataomba kazi Singapore bila kutumia nusu ya usaili kujieleza ametoka wapi. Ukimfundisha Tunduma tu, umemfungia Tunduma. Ninaofanya nao kazi hapa, Wahindi na Wafilipino, waliandaliwa kwa soko la nje kwa makusudi, na fedha wanazotuma kwao zinasomesha wadogo zao. Kwa nini kijana wetu aambiwe ndoto yake iishie mpakani?

Mfanyabiashara, Kariakoo

Wanangu, mimi niliishia darasa la saba. Guangzhou nimekwenda mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwetu Singida, na Yiwu pia. Nilichojifunza nimekilipia kwa hasara. Safari ya kwanza nilinunua mapazia kwa bei ya FOB nikidhani nauli ya meli imo. Kumbe bei ile inaishia mzigo ukishapakiwa melini kule kwao, na nauli na bima ni juu yangu. Niliuza kiwanja.

Sasa nina duka na stoo mbili, na nahitaji msaidizi. Mkataba wangu unaandikwa Kichina, halafu muuzaji huyohuyo ndiye ananitafsiria. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina ipo tangu 2013. Vijana niliowapata wanajua Kichina lakini hawajui biashara. Wa biashara hawajui Kichina. Nikipata mmoja mwenye vyote viwili nitamlipa mshahara ambao benki haimlipi. Huyo naye si anafanya kazi ya kimataifa, au mpaka apande ndege na kubaki huko?

Mhadhiri wa biashara

Mleta mada, maneno yako yameniingia, lakini umetaja mkosaji mmoja na wako wawili. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia tatu. Nikiwapeleka fildi na kuwatembelea, nawakuta kwenye mashine ya fotokopi. Wengine wanatumwa chai. Nikiuliza kwa nini hawaoni nyaraka, naambiwa faili la mteja ni siri. Basi hiyo BL ataishika wapi? Kuna mwaka niliandika barua kwa makampuni ya forodha nikiomba nakala za nyaraka za zamani zilizofutwa majina, nifundishie. Nilijibiwa na moja.

Kuhusu Ricardo, sitarudi nyuma. Incoterms zilikuwa za 2010, zikaja za 2020, na zitabadilika tena. Aliyekariri masharti 11 atabaki na karatasi iliyopitwa na wakati. Aliyeelewa ni wapi hasa hatari ya mzigo inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, na kwa nini, atajisomea mwenyewe toleo jipya kwa jioni moja. Na mtaala haubadilishwi kwa hasira zangu mimi: kuna idara, kuna seneti, kuna TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Lugha ya lazima miaka mitatu inataka walimu ambao sina.

Mdau, Lubumbashi

Mimi naunga mkono Kifaransa, na naongeza jambo ambalo hapo juu hakuna aliyeligusa. Kiswahili kitakufungulia mlango hapa kwetu, utakaribishwa na utaongea bei na kila mtu. Lakini mkataba utaletewa kwa Kifaransa, na sheria iliyo nyuma yake ni ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara. Kongo imo humo tangu 2012, nchi 17 zinatumia sheria moja ya biashara: namna ya kusajili kampuni, kuweka rehani, kudai deni. Haifanani na ile mliyoachiwa na Mwingereza. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, shaba yetu inapita Tunduma kwenda bandari yenu, na bado sijakutana na mhitimu wa Dar aliyewahi kulisikia neno OHADA. Nimewaona ndugu zetu wakipoteza mzigo wa lori zima kwa kusaini karatasi wasiyoielewa.

Mdau, Mombasa

Niko kwa biashara ya chai. Mnadani hapa inakuja chai ya Uganda, Rwanda na Burundi, si ya Kenya pekee, na bei ni kwa dola. Hiyo ni kazi ya kimataifa na iko hapahapa pwani. Shida ni kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayohusu pia wafanyakazi kuvuka mipaka, ilianza Julai 2010, lakini kijana akitaka kuvuka kuja kuajiriwa bado anakutana na masharti ya kibali yanayotofautiana nchi na nchi. Msilaumu vyuo peke yake.

Mleta mada

Mwalimu, nimekubali la fotokopi. Hata kwangu limetokea, na sina la kujitetea. La Ricardo pia nimelielewa ulivyolieleza.

Mdogo wangu wa Dubai, marahaba. Siipingi ndoto yako, na ithibati si adui yangu. Ila umemtaja Mfilipino. Baharia wa Kifilipino anaondoka kwao akiwa ameshafundishwa kazi ya melini, ndiyo maana meli za dunia nzima zinamchukua. Na wewe mwenyewe ulibebwa na ACCA, ambayo mtu hamalizi bila miaka mitatu ya uzoefu wa kazi. Mnachonipinga nacho ndicho ninachokiomba.

Mama, hilo la Kichina na biashara kwa mtu mmoja umelisema kuliko nilivyolisema mimi. Ndugu wa Lubumbashi, OHADA hata mimi nimeijua baada ya kuumia.

Mwalimu, kuanzia Julai nitapokea wanafunzi wako wawili. Kila mmoja atapewa faili hai, atasaini karatasi ya kutunza siri za mteja, na atalifuata kutoka oda hadi ghalani. Mafaili ya zamani kumi nitakufutia majina wiki hii.

Mhadhiri wa biashara

Nakushukuru sana. Nitaleta majina. Tatizo ni kwamba fildi yetu ni wiki nane.

Mleta mada

Wiki nane hazitoshi, Mwalimu. Mzigo wa mama pale juu, tangu alipe kiwandani hadi aupokee Kariakoo, unaweza kula miezi mitatu. Waombe wakuachie hao wawili tu wakae muhula mzima, hata kama ni kwa majaribio. Barua ya mwajiri nitaiandika mimi, kesho asubuhi.