Mrejesho: kodi ya mapato, mimi nimejiajiri na mke ameajiriwa
Wakuu, niliuliza nifanyeje nipunguze kodi ya mapato, mimi nikiwa nimejiajiri na mke wangu akiwa mwajiriwa. Wengi mlishauri nimlipe mshahara kwenye biashara yangu. Mhasibu alinipigia hesabu: mshahara wa mke tayari umefika ngazi ya juu ya kodi kuliko faida yangu, hivyo chochote nitakachomlipa kingekatwa zaidi kwake. Tungeongeza kodi ya nyumba nzima! Na hata ingefaa, lazima awe anafanya kazi kweli, na malipo yalingane na kazi hiyo.

Kilichosaidia ni risiti. Miaka yote sikuwa nadai kama gharama za biashara sehemu ya pango na umeme wa chumba ninachofanyia kazi, bando la simu ya biashara, wala uchakavu wa kompyuta na mashine. Faida inayotozwa kodi imeshuka sana. (Matumizi ya nyumbani msiyachanganye humo, mkikaguliwa mtaumia.) Nimeanza pia kuchangia mfuko wa pensheni, na mchango wangu unaondolewa kabla ya kodi kukokotolewa.

Malipo ya kodi ya awamu tumeshayakadiria upya kwa faida hiyo iliyoshuka. Aliyesisitiza nifungue akaunti tofauti ya biashara, Mungu akubariki sana.