Swichi ya Cisco 2960: umeme ukikatika logi zote zinapotea

fundi_moro:
Wakuu, habari za kazi. Nina Catalyst 2960 kwenye jengo la maabara. Umeme ukikatika na kurudi, nikipiga `show logging` logi (kumbukumbu za matukio ya swichi) za zamani zote hazipo, na mistari mipya inaanza na `*Mar 1 00:01`. Nimeweka `logging host 10.20.5.10` lakini kwenye seva ya Ubuntu hakijafika kitu, ingawa ping inajibu. Poti ya 14 inazima na kuwaka usiku na sina ushahidi wowote. Naombeni msaada.

dada_waya:
Pole mkuu. Logi za ndani zinakaa kwenye RAM, umeme ukienda nazo zimeenda. Hiyo Machi 1 ni ya mwaka 1993! Swichi hizi hazina betri ya saa, zikiwaka zinaanzia huko, na kile kinyota kinakwambia saa haiaminiki. Kwa hiyo anza na saa, tafadhali usiiruke:

`clock timezone EAT 3`
`ntp server` (IP ya seva yako ya NTP, yaani ya kusawazisha saa)
`service timestamps log datetime msec localtime show-timezone`

Bila hivyo utakuwa na logi nyingi usizoweza kuzilinganisha na za ruta, na ukiulizwa poti ilianguka saa ngapi huna jibu.

Ping kujibu hakutoshi. Logi zinasafiri kwa UDP poti 514, na UDP haisubiri jibu, ndiyo maana swichi hailalamiki. rsyslog, programu ya Ubuntu inayopokea logi, haisikilizi mtandao mpaka uiambie: fungua `/etc/rsyslog.conf`, toa alama ya # kwenye mistari miwili ya `imudp` (moduli ya kupokea kwa UDP), uiwashe upya, kisha fungua ngome ya seva kwa `ufw allow 514/udp`. Hakiki kama pakiti zinafika kwa `tcpdump -ni any udp port 514`.

mzee_kebo:
Ongeza `logging trap warnings`, la sivyo diski itajaa.

dada_waya:
Hapo sikubaliani nawe, mzee wangu. Warnings ni ngazi ya 4, yaani zitatumwa za 0 hadi 4 tu, na namba ndani ya jina la ujumbe ndiyo ngazi yake. `LINK-3-UPDOWN`, ya poti kuzima na kuwaka, itapita, lakini `SYS-5-CONFIG_I`, inayoonyesha nani kaingia kubadilisha mipangilio, itabaki nje. Aiache ngazi ya 6 ya kawaida, diski aitunze kwa logrotate, inayozungusha na kufuta logi za zamani.

fundi_moro:
Zinaingia! Ilikuwa imudp. Fa0/14 imeanguka tena sasa hivi, saa sahihi kabisa.

dada_waya:
Safi. Sasa `show interfaces fa0/14`, tazama CRC, hesabu ya fremu zilizoharibika njiani. Ikipanda, badilisha kebo kwanza.