Goti la kulia linauma kwa pembeni nikikimbia, na mbio za Moshi zimekaribia: ninunue mshipi gani?

Mkimbiaji wa Jioni:
Wakuu, heshima zenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa mbio ndefu. Goti langu la kulia linauma upande wa nje. Si mbele kwenye pia ya goti wala nyuma, bali pembeni kabisa, pale ambapo nikibonyeza kwa kidole nagusa nundu ya mfupa. Nikianza kukimbia sisikii lolote. Nikifika kilomita ya nne au ya tano huanza mchomo, na ukishaanza haupoi mpaka nisimame. Kesho yake kushuka ngazi za ofisini ni mateso, ilhali kupanda hakunisumbui. Linalonishangaza zaidi ni kwamba nikiongeza kasi maumivu hupungua, na nikipunguza mwendo hurudi.

Nimejiandikisha Kilimanjaro Marathon na muda uliobaki si mrefu. Swali langu ni moja tu: ni mshipi gani wa goti unaofaa, ule mpana unaofunika goti lote au ule mwembamba unaofungwa juu yake? Nakaa Dar es Salaam, hivyo anayejua duka anielekeze.

Bwana Raba:
Ndugu yangu, achana na mshipi, angalia raba. Mimi niliwahi kununua raba za mtumba pale Karume, nzuri kwa macho na bei ya kuridhisha, kumbe aliyezivaa kabla yangu alikuwa anakanyagia upande mmoja na soli ilikuwa imelala. Nilizivaa msimu mzima huku namlaumu mganga wa mifupa. Nilipozigawa kwa shemeji yangu, goti lilinyamaza. Shemeji naye sasa anachechemea, lakini hilo ni suala la familia. Weka picha ya soli zako hapa tuzione.

Mama Wawili:
Mimi nitasema ukweli hata kama hautapendwa. Siku hizi watu hawakimbii kwa ajili ya afya, wanakimbia kwa ajili ya medali ya kupiga nayo picha. Mtu anaumwa mpaka anashindwa kushuka ngazi, na badala ya kuuliza namna ya kupona anauliza duka la mshipi. Mwanangu, hata ukipata mshipi wa dhahabu, goti litabaki lile lile.

Shemeji wa Moshi:
Karibu sana Moshi, ila nikutahadharishe kuhusu njia yetu. Wanaokimbia nusu marathoni hupanda barabara ya Mweka, kisha wanageuka na kuteremka kurudi mjini, na wa marathoni nzima nao hawakwepi mlima huo. Wewe unayelia na ngazi za ofisini umejiandikisha kushuka ngazi ya kilomita nyingi mfululizo. Nitakaa pembeni mwa barabara na kiti cha plastiki pamoja na kikombe cha mbege, nikusubiri upite au usipite.

Fundi wa Viungo:
Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Siwezi kumpima mtu kwa maandishi, lakini maelezo haya yanaelekea kwenye maumivu ya mkanda wa iliotibia, ambao ni utepe mpana wa nyama ngumu unaotoka nyongani, ukashuka upande wa nje wa paja, ukapita juu ya ile nundu uliyoigusa na kujishikiza kwenye mfupa wa muundi chini kidogo ya goti. Ni miongoni mwa majeraha yanayowapata wakimbiaji mara kwa mara. Kabla sijasema lolote kuhusu mshipi, naomba majibu ya mambo manne. Umejiandikisha umbali gani? Uliongeza kilomita kwa utaratibu gani? Unakimbilia wapi? Na umeshapata matibabu gani mpaka sasa?

Mkimbiaji wa Jioni:
Asante mtaalamu. Nimejiandikisha kilomita 42. Mwaka jana nilikimbia 21 salama, kwa hiyo niliona ni hatua ya kawaida. Tangu Desemba nimeongeza mazoezi kwa bidii, hasa mwisho wa wiki. Nakimbia pembezoni mwa barabara ya Bagamoyo nikitazamana na magari, kwa sababu za usalama. Kuhusu matibabu, nimetumia vidonge vya kawaida tu. Mshipi mwembamba nimeshauona dukani na rangi yake inaoana na fulana yangu, nasubiri tu uthibitisho wenu.

Mzee wa Kuchua:
Tatizo ni mkanda huo kukaza, na kilichokaza kinanyooshwa. Mimi mama mkwe wangu alinichua paja kwa mafuta ya nazi ya moto kila jioni, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Vijana wa sasa wananunua rola za sponji kwa bei kubwa, wakati chupa ngumu iliyojazwa maji inafanya kazi hiyo hiyo. Lala kwa ubavu, iweke chini ya paja, jisukume mbele na nyuma mpaka mkanda ulegee.

Fundi wa Viungo:
Mzee wangu, kuchua misuli kunaleta nafuu na sikatai, lakini mkanda huu haurefuki kwa kusuguliwa na mtu, awe mama mkwe au rola. Ni mgumu mno, na tena umeshikamana na mfupa wa paja kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Zamani tulifundishwa kwamba unasugua nundu ya mfupa unapopita mbele na nyuma. Uchunguzi wa anatomia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba yawezekana hausugui, bali unaligandamiza tabaka la mafuta lenye neva nyingi lililo chini yake. Ndiyo maana kujibiringisha juu ya chupa mahali hasa panapouma kunaweza kuzidisha maumivu.

Mkimbiaji, "vidonge vya kawaida" si jibu. Je, umechomwa sindano yoyote kwenye goti?

Mkimbiaji wa Jioni:
Nilikuwa sitaki kulileta hili kwa sababu watu watalishikilia na kuacha swali langu. Ndiyo, nilichomwa sindano moja pembeni mwa goti na mtoa huduma wa mtaani kwetu ambaye watu wengi wanamwamini. Ilinisaidia sana, kiasi kwamba wiki iliyofuata nilikimbia kilomita 28 bila kusikia kitu. Maumivu yamerudi sasa, na tumekubaliana anichome nyingine siku moja kabla ya safari ya Moshi.

Kabla hamjanihukumu, naomba mjue kwamba wafanyakazi wenzangu wameahidi kuchangia fedha kwa kila kilomita nitakayomaliza, ili tununue madawati ya shule ya msingi niliyosoma. Kwa hiyo kujitoa si suala langu peke yangu. Nashukuru kwa ushauri wote, lakini mshipi pamoja na sindano naona vinatosha kunifikisha.

Mama Wawili:
Nilijua kuna kitu kimefichwa. Mtu haulizi rangi ya mshipi kwa wasiwasi wote ule.

Mpima Maneno:
Wakuu, naomba tusome tena uzi huu polepole. Mtu anaumwa goti, lakini akikimbia kasi haumwi, akienda taratibu ndipo anaumwa. Ni maumivu gani duniani yanayotibiwa kwa kuongeza kasi? Kisha akatokea mtaalamu mwenye maswali yaliyopangwa kama ya mahojiano, ambaye kila akiuliza, mwenye uzi anajibu kwa namna inayomfungulia somo linalofuata. Na sasa yameingia madawati ya shule. Mimi ni mwanachama wa siku nyingi hapa, na kwa uzoefu wangu ukurasa ujao utakuwa na namba ya simu ya kutuma michango, au jina la duka la mishipi. Hadithi hii imetungwa, na huenda hawa wawili ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili.

Bwana Raba:
Hata mimi nilishangaa kwa nini mpaka sasa hajaweka picha ya soli.

Shemeji wa Moshi:
Kama ni mtu mmoja, basi anajigombeza vizuri sana, apewe tuzo. Kiti cha plastiki nakirudisha ndani mpaka ithibitike kwamba yupo.

Mkimbiaji wa Jioni:
Sijaomba mchango wa mtu yeyote humu na sitaomba. Walioahidi tuko nao ofisi moja. Namba ya simu hamtaiona, na jina la shule silitaji kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi wa Viungo:
Mpima Maneno, kuhusu madawati sina ushahidi wowote, na kuhusu akaunti wasimamizi wanaweza kuchunguza. Lakini umechagua kutilia shaka jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi katika maelezo yote. Maumivu haya huwa makali zaidi goti linapokunjika kwa nyuzi zipatazo 30, kwa kuwa hapo ndipo mkanda unaikandamiza ile nundu. Anayekimbia polepole, na anayeteremka mlima au ngazi, huukanyagia uzito wake goti likiwa karibu na pembe hiyo. Anayekimbia kasi hutua goti likiwa limekunjika zaidi, na eneo hilo hulipita upesi. Mtu anayetunga hadithi ya goti kwa kawaida angesema kasi ndiyo inayomuumiza.

Sasa narudi kwa mwenye uzi. Sindano uliyochomwa, kama ilikuwa ya steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, ina nafasi yake: inaweza kutuliza maumivu kwa majuma machache jeraha likiwa bado changa, tena ikitolewa na daktari katika mazingira safi, ikifuatiwa na mapumziko na mazoezi ya kuimarisha misuli. Wewe uliitumia kukimbia kilomita 28. Ilizima kengele, moto ukaendelea. Kurudia sindano kwenye eneo lile lile kunaweza kudhoofisha nyama zinazolizunguka, na kuchomwa karibu na kiungo mahali pasipo safi kunaweza kuingiza vijidudu, jambo ambalo ni baya kuliko kukosa medali mia. Goti likivimba, likipata joto, likikwama katikati ya kukunjwa, au ukipata homa, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mshipi mwembamba wengine unawapa nafuu kidogo na haukudhuru, lakini hautibu chanzo. Chanzo kwako nakiona sehemu tatu. Uliruka kutoka 21 kwenda 42 bila ngazi za kati. Ukitazamana na magari huku kwetu unakuwa ukingo wa kulia, ambako barabara inainama kuelekea mtaroni, hivyo mguu wako wa kulia unakanyaga chini kuliko wa kushoto kila siku. La tatu nalikisia mpaka ulipime: simama kwa mguu wa kulia kwenye ngazi mbele ya kioo, kisha shusha kisigino cha kushoto polepole mpaka kiguse sakafu. Kama nyonga ya kushoto inadondoka au goti la kulia linaingia ndani, misuli ya pembeni ya makalio haifanyi kazi yake, na mkanda unabeba mzigo usio wake.

Mwaka 2000 watafiti wa Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya wakimbiaji 24 wenye tatizo hili waliofuata mpango wa wiki 6 wa kuimarisha misuli hiyo, na 22 kati yao walirejea kukimbia bila maumivu. Hawakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siwezi kukuahidi, lakini ndiyo njia ninayoitumia. Unaanza kwa kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ulionyooka, kisigino kikielekea nyuma kidogo. Kisha unatembea kwa ubavu ukiwa umefunga utepe wa mpira juu ya magoti. Baadaye unashuka ngazi kwa mguu mmoja, kama kile kipimo. Ukirudi kukimbia, iwe siku moja unakimbia na inayofuata unapumzika, mahali tambarare, umbali mfupi unaoishia kabla ya mchomo kuanza, hatua ziwe fupi na za haraka zaidi kidogo, na miguu isikanyage mstari mmoja.

Mzee wa Kuchua:
Na mafuta ya nazi yanabaki au yanaondoka?

Fundi wa Viungo:
Yanabaki, mzee wangu, ila kwenye misuli ya makalio na si juu ya nundu.

Mkimbiaji wa Jioni:
Nimefanya kipimo cha ngazi. Nyonga imedondoka, na mke wangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu amecheka. Lakini wiki 6 sina. Nimeongea na wawili kati ya walioahidi: mmoja amesema atatoa fedha ile ile hata nikikimbia mbio za kilomita 5, mwingine amesema atafikiri. Bado naamini kwamba ningeweza kumaliza 21 kwa sindano, na yule mtoa huduma ananisubiri Alhamisi.

Mpima Maneno:
Naendelea kufuatilia. Namba ya simu bado haijawekwa, hilo nakubali.

Fundi wa Viungo:
Mbio za kilomita 5 zizungumzie iwapo wiki ya mwisho utashuka ngazi bila maumivu. Vinginevyo nenda ukashangilie. Kuhusu Alhamisi, mpigie leo na umuulize jina la dawa iliyokuwa kwenye ile chupa ya kwanza na kiasi alichokuchoma, kisha uliandike hapa.

Mkimbiaji wa Jioni:
Nimempigia. Anasema chupa ilishatupwa, na jina la dawa halikumbuki.