Sakafu ya ukumbi ghorofa ya pili inanesa watu wakiruka, ni uzito wetu au ni muziki?

MwanaKwaya
Habari zenu wakuu. Kanisa letu tumepanga ukumbi ghorofa ya pili kwenye jengo la biashara, chini yetu ni maduka. Watu wakikaa hakuna shida kabisa, hata siku umejaa mpaka wengine wanasimama kwenye korido. Shida inaanza zikifika zile sifa za kuruka, sakafu inapanda na kushuka unaisikia kabisa miguuni, maji kwenye chupa yanacheza, stendi za spika zinayumba. Na cha ajabu wimbo ukibadilika spidi kidogo tu kinatulia na watu ni walewale. Mwenye jengo anasema slabu ni nene na nondo zimejaa tuache woga, ila wamama wameshaanza kukataza watoto wasikae katikati. Naombeni mwenye uelewa, hii inasababishwa na nini hasa?

FundiMkongwe
Mkuu hakuna slabu isiyonesa. Kama hakuna ufa na milango inafunga vizuri endeleeni na ibada.

Bimu_na_Nguzo
Mkuu MwanaKwaya hapo uliposema wimbo ukibadilika spidi kinatulia na watu ni walewale ndio penyewe. Ingekuwa uzito peke yake isingetulia.

Kila sakafu ina mapigo yake ya asili, yani ukiigonga ukaiachia itapanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde, nyingine 4, nyingine 6, nyingine 10, inategemea umbali wa nguzo hadi nguzo, bimu zake na uzito wake yenyewe. Sasa chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hayo ni 2 kwa sekunde. Watu wakiruka na wimbo wanaipiga sakafu mara 2 kwa sekunde, lakini mruko sio msukumo laini, ni kishindo, na ndani ya kishindo kuna nguvu pia kwenye mara mbili na mara tatu ya hayo mapigo, yani 4 na 6. Sakafu yenu ikiwa ni ya 6 basi kila kishindo kinaikuta pale pale inapoanza kushuka kinaiongezea, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Hiyo ndio rezonansi. Mpiga kinanda akishusha wimbo hadi 105 inakuwa 1.75 kwa sekunde, mara tatu yake ni 5.25, imeshaikosa 6 ndio maana mnaona utulivu.

Na mkiwa mnaingia tu kila mtu na hatua yake, vishindo vinafutana vyenyewe, watu 100 wa hivyo wanaitikisa sakafu kama watu 10 hivi wanaokwenda pamoja. Muziki ndio unaowaunganisha, ukiwaunganisha hata wachache wanatosha.

Hilo la slabu nene silikubali hivi hivi. Kuna hesabu ya haraka, 18 gawanya kwa kipeuo cha pili cha milimita ambazo sakafu inabonyea kwa uzito wake, jibu ni mapigo kwa sekunde. Ikibonyea 9 unapata 6, ikibonyea 4 unapata 9. Slabu inaweza kuwa nene na bado nguzo zikawa mbali mbali ikabonyea sana. Kanuni ya Waingereza BS 6399 ilitaka sakafu ya kuchezea muziki izidi mapigo 8.4 kwa sekunde ya kupanda na kushuka, la sivyo injinia apige hesabu ya mtikisiko wenyewe.

Zumba_Mbezi
Nafundisha aerobiki na hili nalijua kwa ile ya Seoul Julai 2011, jengo la Techno-Mart la ghorofa 39 lilitikisika kama dakika 10 watu wakakimbilia nje, wataalamu walipochunguza wakasema ni watu 17 tu waliokuwa wanafanya mazoezi ya Tae Bo ghorofa ya 12. Jengo halikuanguka. Ndio maana mimi darasa langu nilililazimisha liwe chini kabisa.

Msomaji_wa_Michoro
Mimi naogopa zaidi ukumbi wa Versailles wa Jerusalem, Mei 2001, sakafu ilikatika watu wakiwa wanacheza harusini, wakafa 23.

Bimu_na_Nguzo
Ni kweli ila pale wiki kadhaa kabla walikuwa wameondoa kuta za chini zilizokuwa zinasaidia kubeba, sakafu ikaanza kubonyea, wao wakajaza juu kusawazisha, yani wakaongeza mzigo mahali palipokuwa panaomba msaada. Inaniuma sana kila nikiisoma manake sakafu ilishawaambia.

Kwa hiyo MwanaKwaya tofautisha vitu viwili. Mwili wa binadamu unahisi mtikisiko mapema sana, hasa wa mapigo 4 hadi 8 kwa sekunde, mnaweza kutishika na zege liko salama. Lakini FundiMkongwe, kusubiri ufa sikubaliani nako. Swali kubwa ni jengo lilichorwa liwe nini. Kwa kanuni hiyo hiyo ofisi ya kawaida ilipigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 250 kwa mita ya mraba, ukumbi wa kucheza 500. Na pale chini kwenye maduka kuna mpangaji aliyebomoa ukuta wowote kutanua duka?

MwanaKwaya
Asante sana mkuu. Duh, duka la vitambaa walitoa ukuta mwaka huu ili waunganishe fremu mbili, sijui kama ulikuwa wa kubeba.

Bimu_na_Nguzo
Basi simamisheni kuruka kuanzia jumapili hii, imbeni, pigeni makofi, kaeni, msiruke. Mwombeni mwenye jengo michoro ya muundo, sio ile ya vyumba, mumlete injinia aliyesajiliwa ERB, ile bodi ya usajili wa wahandisi, aangalie huo ukuta ulikuwa unabeba nini na apime mtikisiko watu wachache wakiruka kwa spidi tofauti. Akikuta ni rezonansi tu kuna dawa, kuongeza nguzo au bimu ya chuma katikati ili mapigo yapande. Mwenye jengo akikataa kutoa michoro uje useme hapa.

FundiMkongwe
Kwa huo ukuta naungana na Bimu_na_Nguzo. Mwende leo leo mkaongee na hao wa maduka pia, wao ndio wako chini.